Mihogo ya Watu wa Ziwani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Faida alichukua bidoni, dumu lake la manjano la maji, na kuteremka hadi kwenye chemchemi iliyo nyuma ya ofisi ya kilimo. Njia ilikuwa nyembamba na yenye utelezi. Wanawake waliotangulia walizungumza kwa sauti ya chini, kama watu walio msibani. Mwaka ule wa 2003 mji wa Bunia ulikuwa umejaa watu waliokimbia vita, na kila aliyeamka aliuliza kwanza habari za usiku: milio ya bunduki ilisikika wapi, nani hakurudi, barabara gani imefungwa.

Faida alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Yeye, mama yake Angèle, na mdogo wake Tina walitoka kijiji kimoja cha milimani, upande wa Bambu. Siku waliyokimbia, baba yake aliwaambia watangulie. Yeye alibaki nyuma kumsaidia jirani aliyekuwa akimbeba mgonjwa mgongoni. Tangu hapo hawakumwona tena, wala hawakukutana na mtu aliyemwona.

Sasa waliishi chini ya turubai katika kambi iliyo pembeni mwa mji, pamoja na watu wengine wa milimani. Ng'ambo ya njia, katika kambi ileile, waliishi watu waliotoka Tchomia na vijiji vingine vya ziwani. Watu wa pande hizo mbili hawakusalimiana. Wa milimani walikuwa wamesikia mabaya ya wa ziwani, na wa ziwani walikuwa wamesikia mabaya ya wa milimani, na mengine hawakuyasikia tu, waliyaona kwa macho yao. Hata maji walichota kwa zamu.

Lakini Faida alikuwa na rafiki ng'ambo ya njia. Jina lake Abigaël, na shuleni walikaa dawati moja. Asubuhi mmoja alijifanya amechelewa zamu yake na mwingine akawahi yake, ili wakutane chemchemini.

"Weye ulikula jana?" Abigaël aliuliza.

"Uji. Na weye?"

"Siye pia uji. Papa yangu anasema tukianza kulima hatutangoja tena magari ya chakula."

Kulima ndiyo ilikuwa habari kubwa ya kambi nzima. Parokia ilikuwa imewaazima wakimbizi bonde moja kando ya mto Nyamukau. Nusu ya juu walipewa watu wa milimani, nusu ya chini watu wa ziwani. Ardhi ilikuwa nzuri, nyeusi na laini. Walichokosa ni mbegu, na mtu pekee aliyeweza kuwapa mbegu alikuwa Mama Adeline wa ofisi ya kilimo.

Mama Adeline alikuwa agronome, yaani mtaalamu wa kuwafundisha wakulima. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa sauti, aliyeshinda na buti za mpira miguuni mvua inyeshe isinyeshe. Kabla ya vita alizunguka vijiji vya Djugu kwa baiskeli, akionyesha watu namna ya kupanda, kupalilia, na kutambua magonjwa ya mimea. Vita ilipoingia mjini, mkuu wake na wenzake wote walikimbia. Watu wenye silaha wakaja ofisini mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Walichukua baiskeli, viti, mashine ya kuandikia, hata mlango wa mbele. Shamba dogo la mihogo lililokuwa nyuma ya nyumba hawakuligusa. Machoni mwao vile vilikuwa vijiti tu.

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa mali kubwa kuliko zote. Katika eneo zima la Ituri mihogo ilikuwa ikiugua ugonjwa uitwao mozaiki. Mama Adeline aliwakusanya watu wa pande zote mbili barazani mwa ofisi ili awaeleze. Walikuja, wakakaa mbalimbali, wa milimani kushoto na wa ziwani kulia. Akainua mche mmoja uliojikunja majani, wenye mabaka ya manjano.

"Tazameni huu. Utapanda, utapalilia, utangoja mwaka mzima, halafu utachimba mizizi myembamba kama kidole. Tena bilulu, hawa wadudu wadogo weupe, vinachukua ugonjwa toka mti huu na kupeleka kwa jirani." Akainua mche mwingine, wa majani mapana ya kijani. "Na huu ni muzima. Ule ugonjwa hauuwezi kwa urahisi. Nimeutunza nyuma ya ofisi hii miaka yote ya vita. Mukikata majani, vijiti vya mimea hii miwili vinafanana. Ndiyo maana musichukue vijiti fasi yoyote. Chukueni kwangu."

Mwanamume mmoja wa upande wa kulia alisimama. Alikuwa Anselme, baba yake Abigaël. Huko Tchomia alikuwa na matanuri ya kukaushia samaki, naye ndiye aliyewasemea watu wa ziwani kambini.

"Siye hatujue mihogo, Mama. Siye tunajua samaki. Mutu akitupea kijiti kibaya, hatutajua. Sasa ile mizuri utapea nani? Na ile mibaya utapea nani?"

Watu wakanung'unika kushoto na kulia. Mama Adeline alimtazama Anselme usoni.

"Papa Anselme, vijiti vyote vitatoka shamba moja. Ukiona si vile, njoo uniulize mbele ya hawa watu wote."

Jumamosi iliyofuata, Mama Adeline alikata vijiti tangu alfajiri. Watu wa milimani walikuja wakachukua vyao. Wa ziwani walichelewa, kwa kuwa asubuhi hiyo waliitwa kupokea mablanketi. Wakati huohuo mjumbe akaja kumwita Mama Adeline kwenye kambi nyingine, ambako mbuzi na mvua vilikuwa vimeharibu bustani. Akatazama huku na huku, akamwona Faida anapita na bidoni yake.

"Faida, mwanangu, acha maji kwanza. Fungu hili ni la akina Abigaël. Litwike, ulipeleke bondeni, umpe Papa Anselme mukononi. Chukua na panga hii, watakatia." Kisha akainua kidole. "Usiliweke chini njiani. Mbuzi wanapenda ganda ya mihogo kuliko kitu chochote. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Fungu lilikuwa zito, lakini Faida alilibeba kwa fahari. Alifika kwenye barabara kubwa, na hapo ndipo aliposikia honi. Lori lilikuwa linaingia kutoka Komanda. Barabara ile ilikuwa imefungwa muda mrefu na ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Juu ya magunia waliketi watu wengi, weupe kwa vumbi, wamejifunga vitambaa vichwani.

Faida alisimama kutazama. Mara nyingi alikuwa amekwenda penye kituo cha malori kutazama nyuso, akimtafuta baba yake. Kila mara alirudi akashindwa kula. Tena siku moja vijana wenye bunduki waligombana pale, risasi zikapigwa, watu wakalala chini. Kuanzia siku hiyo mama yake alimwapisha. "Niahidi hutaenda tena kule. Nimepoteza mumoja. Sitaki wa pili." Naye Faida aliahidi.

Lori lilipita. Nyuma kabisa aliona mwanamume mrefu, mwembamba, ameinamisha kichwa kama baba yake alivyozoea.

Hakufikiri tena. Aliliweka fungu nyuma ya ukuta wa nyumba iliyobomoka, akashika panga mkononi, akakimbia nyuma ya lori mpaka kituoni. Aliwasukuma watu, akazunguka gari upande huu na upande ule. Yule mwanamume alishuka, akafungua kitambaa usoni. Alikuwa mtu mwingine. Hata hakufanana na baba yake.

"Unatafuta nani, mutoto?" yule mtu aliuliza.

Faida alitikisa kichwa. Alirudi polepole, na alipofika nyuma ya ukuta aliwakuta mbuzi. Walikuwa wamekata kamba, wakavitawanya vijiti, wakavimenya ganda lote. Yale macho madogo ambamo chipukizi hutokea yalikuwa yameliwa yote. Aliwafukuza kwa mawe, akapiga magoti, akageuza kijiti kimoja kimoja. Hakuna kilichofaa.

Alilia pale mpaka machozi yakakauka. Angerudi ofisini na kusema nini? Mama Adeline angeuliza, "Ulikuwa wapi?" Naye mama yake angejua kwamba amevunja ahadi. Alipoinua macho aliona, ng'ambo ya barabara, shamba la watu waliohama. Mihogo ilikuwa imesimama ndani ya magugu, majani yamejikunja, yana mabaka ya manjano.

Faida alijua vizuri alichokuwa akikitazama. Alikuwa ameketi barazani, amesikia kila neno. Lakini alikumbuka pia kwamba majani yakiisha kukatwa, vijiti vinafanana. Alivuka barabara. Alikata haraka, akapangusa majani, akavilinganisha, akavifunga kwa vipande vya kamba ileile.

Bondeni, Anselme alilipokea fungu kwa mikono miwili. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini siku ile alitabasamu.

"Aksanti, mwanangu. Ambia Mama Adeline nilisema maneno mabaya siku ile. Naona ametupea sawa na wengine."

"Nitamwambia," Faida alisema, akaondoka bila kumtazama Abigaël aliyekuwa akimpungia mkono.

Mvua ilinyesha vizuri. Baada ya siku kadhaa vijiti vilianza kuchipua, na bonde lote likapata rangi. Kila jioni watu walisimama pembeni mwa mashamba yao kutazama tu, kwa maana ilikuwa muda mrefu hawajaona kitu chao wenyewe kikikua. Faida peke yake hakuwa na raha. Alishtuka usiku, akala kidogo, akajibu kwa mkato. Mama yake alidhani anaumwa malaria.

Siku moja Abigaël alimvuta kando chemchemini.

"Faida, njoo uone mihogo yetu. Majani inatoka imejikunja. Ya kwenu haiko vile."

"Ni jua tu," Faida alijibu haraka. "Itanyooka."

"Kweli?"

"Kweli. Weye hujue kulima."

Abigaël aliamini. Kuanzia siku hiyo Faida alibadili saa ya kuchota maji. Shuleni alimwomba mwalimu ahame dawati, akisema hapo alipo haoni ubao.

Majani hayakunyooka. Shamba la juu lilizidi kuwa la kijani, na la chini likazidi kuwa la manjano, na mpaka kati yao ukaonekana hata kwa mtu aliyesimama mbali barabarani. Wa ziwani walianza kuzungumza. Mwanzoni walinong'ona, halafu wakasema wazi. Ofisi imewapa ugonjwa makusudi. Wamewekewa njaa ili waondoke Bunia. Vijana wao wakaacha kufanya kazi bondeni, wakawa wanakaa vikundi vikundi njiani.

Asubuhi moja Faida na mama yake walikuwa wanatoka chemchemini walipoona umati mbele ya ofisi. Anselme alikuwa mbele, ameshika mche uliong'olewa. Nyuma yake walikuwa vijana wenye fimbo na mawe, na mmoja alikuwa na kidumu cha mafuta ya taa. Watu wa milimani nao walikuwa wanakuja mbio kutoka kambini, wengine na mapanga. Mama Adeline alisimama kwenye tundu la mlango ulioibwa, mikono mitupu.

"Ulisema nije nikuulize mbele ya batu," Anselme alisema. "Nimekuja. Hii ni nini?"

Mama Adeline aliuchukua ule mche, akageuza majani. Uso wake ulibadilika.

"Ni mozaiki," alisema. "Lakini vijiti vyenu nilivikata mwenyewe, katika shamba moja na vya wengine. Sijui hii imetoka wapi. Papa Anselme, naapa sijui."

"Anadanganya!" kijana mmoja alipaza sauti. "Chomeni!"

Jiwe liliruka likagonga bati. Jingine likavunja uzio wa bustani. Angèle aliushika mkono wa bintiye.

"Twende. Haraka. Hapa patamwagika damu."

Faida hakusogea. Alimwona Mama Adeline, mdogo katika zile buti zake, akitazama nyuso moja baada ya nyingine kama mtu aliyepotea njia. Alimwona Abigaël pembeni ya baba yake, analia.

"Mama," alisema, "ni mimi."

"Nini ni weye?"

"Ni mimi niliwapea mibaya. Niliacha ile mizuri njiani, mbuzi wakakula. Nilifuata lori kutafuta Papa."

Mkono wa Angèle ulilegea. Angeweza kumvuta mtoto wake wakaenda zao, na pengine asingejua mtu. Alitazama kile kidumu cha mafuta. Kisha akaiweka bidoni chini, akamshika Faida tena, wakaingia wote wawili katikati ya umati, upande wa watu wa ziwani, mahali ambapo hakuna mtu wa milimani aliyekuwa amekanyaga asubuhi ile.

"Mutoto wangu iko na neno," Angèle alisema. "Mumusikilize kwanza. Kisha mufanye munavyotaka."

Faida alisema yote. Alisema habari ya lori, ya mbuzi, ya shamba lililoachwa, ya panga. Mara mbili sauti ilimkatika, na mara mbili akaanza tena. Alisema pia uongo aliomwambia Abigaël. Yule kijana mwenye kidumu alikuwa bado amekikumbatia, lakini hakujua tena akifanyie nini.

"Ulimwona baba yako?" Anselme aliuliza.

"Hapana, Papa."

Anselme alipangusa uso kwa kiganja.

"Ndugu yake Abigaël, Rodrigue, alipotea siku tulitoka Tchomia. Ata mimi naendaka pale malori inasimama, kumutafuta. Abigaël sikumwambia." Macho yake yalipomrudia Faida yalikuwa makali tena. "Lakini ungesema siku ileile! Tulikuwa tunachoma nyumba ya huyu mama. Tulikuwa tunaua mutu, juu ya mbuzi!"

Aliwageukia vijana, akawaambia kwa ukali warudi kambini. Walikwenda kwa kusitasita. Mmoja alitupa jiwe la mwisho, likaanguka uani bila kumpiga mtu. Watu wa milimani nao walishusha mapanga wakaondoka.

Mama Adeline aliketi kwenye kizingiti. Faida alimsogelea akapiga goti.

"Unisamehe, Mama."

"Leo usiniombe kitu," Mama Adeline alisema. "Leo siwezi. Kesho uje na jembe."

Faida alikwenda. Kazi ya kwanza ilikuwa kung'oa mimea yote ya shamba la chini na kuiteketeza, kabla wale bilulu weupe hawajaupeleka ugonjwa shamba la juu. Watu wa ziwani walisimama wakitazama. Bibi mmoja wa kwao aliukumbatia mche wake akakataa uguswe. "Una majani," alisema, "kwa nini munauua?" Faida ndiye aliyetumwa kumweleza, na bibi yule alimwachia mche huku akimtazama kwa jicho ambalo Faida hakulisahau.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa vijiti vya kutosha havikuwapo. Nyuma ya ofisi ilibaki mimea michache ambayo Mama Adeline aliitunza iwe mama wa mbegu za mwaka utakaofuata. Aliizunguka kimyakimya, halafu akaikata yote. Aliwaonyesha Anselme na wenzake namna ya kukikata kijiti kimoja vipande vifupifupi, kila kipande na macho mawili au matatu tu, na kuvilaza katika kitalu chenye udongo laini, chini ya kivuli cha majani ya migomba.

"Kipande kidogo hivi hakina nguvu kama kijiti kirefu," alieleza. "Kikikauka mara moja, kimekufa. Lazima kipate maji asubuhi na jioni, kila siku, mpaka kiwe na miguu ya kusimama. Ni kazi mingi, lakini kijiti kimoja kitatupatia mimea mingi."

"Nani atabeba hayo maji?" Anselme aliuliza.

"Mimi," Faida alisema.

Alibeba maji kila asubuhi kabla ya shule na kila jioni baada ya shule. Mabega yalimuuma, na kamba ya bidoni ilimchubua kichwa. Watoto wa milimani walimcheka kwamba amekuwa mtumishi wa watu wa ziwani. Hata watu wazima wengine walimgeuzia uso kwa kuwa aliwaaibisha mbele ya maadui. Mama yake hakumcheka wala hakumtetea. Siku nyingine alikuja tu na ndoo yake, akamwagilia mstari mmoja pamoja naye, kisha akaenda kutafuta vibarua.

Jioni moja, Faida alikuwa amejikwaa na kumwaga maji yote njiani. Alikaa chini, amechoka kiasi cha kutotaka kusimama. Abigaël alitokea. Tangu siku ile ya umati hawakuwa wamesemezana.

"Leta bidoni," Abigaël alisema.

"Unanikasirikia bado?"

"Ndiyo." Aliichukua bidoni, akaitwika. "Uliniambia ni jua. Nikamwambia Papa ni jua. Lakini mihogo ni yetu, haiwezi kufa juu ya hasira yangu."

Wakateremka pamoja mpaka chemchemini.

Vile vipande vidogo viliota. Si vyote, lakini vingi. Vilipokuwa na urefu wa kutosha, watu wa ziwani walivihamishia bondeni, wakiwa wamechelewa sana kuliko wenzao. Msimu ulikuwa umeshawapita. Mwaka uliofuata, wa milimani walipoanza kuchimba, wa ziwani walikuwa bado wanangoja, na miezi hiyo ilikuwa mibaya kwao. Magari ya chakula yalikuja mara chache. Angèle alikuwa wa kwanza kuvuka njia akiwa na beseni la mihogo kichwani, akaliweka mbele ya turubai la Anselme. Wachache walimfuata. Wengi hawakumfuata. Lakini njia ile ilikuwa imevukwa.

Baba yake Faida hakurudi, wala Rodrigue.

Siku watu wa ziwani walipochimba mihogo yao ya kwanza, Mama Adeline alikuja bondeni na buti zake. Anselme aling'oa shina moja, mizizi ikatoka minene, imebeba udongo mweusi, na watu wakapiga vigelegele. Faida alikuwa amesimama mbali kidogo, hajui kama anaruhusiwa kufurahi. Mama Adeline alimwita yeye na Abigaël, pamoja na watoto wengine waliokuwa wakichambua mizizi.

"Siku ile uliniomba msamaha nikakuambia siwezi," alimwambia Faida mbele ya wote. "Nilikusamehe zamani, nilipokuona unabeba maji wakati hakuna anayekutazama. Lakini nataka muelewe jambo moja, nyote. Vile vijiti kuliwa na mbuzi lilikuwa kosa dogo. Mutoto anamtafuta baba yake, nani angemchapa? Ungerudi kwangu asubuhi ileile unalia, ningekukaripia kidogo, tungekata ile michache iliyobaki, na hawa wangekula karibu wakati mmoja na wengine. Ni uongo uliowaletea njaa miezi yote hiyo. Ni uongo uliofanya watu washike mawe."

Aliinama, akaokota muhogo mmoja, akaupangusa udongo kwa kidole gumba.

"Vita ilinichukulia baiskeli, viti, na mlango. Bila hivyo vyote niliweza kufanya kazi. Kitu ambacho nisingeweza kufanya kazi bila hicho ni Papa Anselme kuniamini. Mutu asiyekuamini, hata ukimpa mbegu nzuri, hataipanda. Na hicho ndicho ulichokitwika kichwani asubuhi ile, Faida. Siku nyingine ukitumwa kitu na kikaharibika mikononi mwako, rudi useme. Utaogopa, lakini rudi."

"Nitarudi, Mama," Faida alisema.

"Basi njooni mufanye kazi. Mvua inakuja."

Anselme alimsogezea Faida kikapu kitupu, akamwonyesha kwa kidevu mstari wa karibu na mto, ambao hakuna mtu aliyekuwa ameugusa bado. Faida akaingia ndani ya shamba, akashika shina la kwanza kwa mikono miwili, akavuta.